Mkanda wa Mama

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri mama alipokubali nimrekodi. Leo asubuhi, huko Rubona kando ya ziwa, harufu ya sambaza walioanikwa imenirudisha kwenye ua wetu. Siku ile mama alikuwa ameketi mkekani akiwachambua samaki hao wadogo, kitenge kikimpwaya, kwa sababu uvimbe wa tumboni ulikuwa umemmaliza na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kamera niliazima kwa jirani aliyekuwa akirekodi arusi za watu.

"We, inawaka?" mama aliuliza.

"Inawaka, mama."

"Bon. Usinipige miguu. Iko kama ya kuku."

Alicheka, akakohoa, kisha akaanza kuzungumza nami taratibu, macho yakiwa kwenye sambaza.

"Hii maneno utaisikiliza ukikuwa mukubwa."

"Ndiyo, mama," nilijibu, huku nikisogea ili kivuli changu kisimfunike. Alizungumza karibu nusu saa. Nilishughulikia mwanga.

Sauti ya kamera nilikuwa nimeizima. Ndivyo jirani alivyofanya kwenye kila arusi, kwa kuwa kelele za watu hazikutakiwa. Wimbo uliwekwa baadaye.

Tulipomaliza matanga, nilimpelekea jirani mkanda. Tuliutazama hadi mwisho, midomo ya mama ikicheza. Hakunigombeza. Alichagua wimbo wa taratibu, akauweka, akakataa malipo. Kwa wengine ilikuwa faranga elfu mbili. Hizo niliziokoa.