Siku Niliyomwogesha Watasema

Waliokuwapo uani siku ile nawakumbuka wote, na nitawataja kabla hujaniuliza. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa, mwenye nyumba. Alikuwapo mama yangu, Bi Zainabu, bintiye wa mwisho. Alikuwapo mjomba Shomari, kaka yake mama, aliyetuletea mbwa. Alikuwapo jirani yetu Bi Tatu, msuka mikeka, ambaye hatukuwa na udugu naye wa damu lakini aliingia kwetu bila hodi, basi udugu ni nini tena. Maalim Hatibu, aliyetusomesha Kurani, alikuja mwisho mwisho. Na nilikuwapo mimi, Mwanamvua, mtoto wa miaka kama kumi, pamoja na mbwa mwenyewe, jina lake Watasema.

Wote hao wameshatangulia mbele ya haki, nimebaki mimi. Nimewakumbuka kwa sababu juzi mjukuu wangu kaninyang'anya ndoo mkononi. Ati bibi kaa ndani, mbwa atakuangusha, tutamtafuta kijana aje kumwogesha. Mtoto wa watu hajui anasema na nani.

Kwetu ni Kaole, hapo karibu na Bagamoyo, na habari hii ni ya miaka ile ya baada ya uhuru, kabla watu hawajaanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na nguruwe wa porini walilijua kuliko sisi. Mguu wangu wa kushoto ulikauka nilipougua homa nikiwa bado nanyonya. Nilitembea kwa gongo, na uani nilijikokota kwa makalio, haraka, wala usinionee huruma. Kuchota maji sikupewa. Kutwanga sikupewa. Mama alikuwa akisema, "Mwache, masikini, asije akaumia," na neno hilo masikini lilikuwa likinikereketa kooni kama muhogo mchungu.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Asubuhi na jioni nilikaa kwenye ukingo wa shamba na debe bovu la kugonga, Watasema kalala pembeni yangu. Nguruwe wakija, mimi napiga debe, yeye anakimbia. Mimi sauti, yeye miguu. Watu wa pwani hatufugi mbwa hovyo, unajua mwenyewe, mate yake ni najisi. Lakini wa kulinda shamba ameruhusiwa, na bibi alimwekea masharti: asikanyage ukumbini, chombo chake kiwe chake, na akilamba sufuria yoyote inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kuhesabu.

Masika ya mwaka ule Watasema akaota upele. Kupe wakamjaa masikioni kama punje za mtama. Siku moja Bi Tatu akaokota kupe kwenye ukindu aliouanika, akaja naye kwetu kamsokota kwenye jani, akamweka mbele ya bibi bila hata salamu. Mjomba Shomari akasema amechoka na maneno, kesho anapanda lori kwenda Miono, huko yuko mtu anawinda, atamchukua mbwa. Mama akashukuru Mungu. Hakuna aliyenitazama. Wewe fikiri: Watasema akienda Miono, mimi nitakaa ukingoni nifanye nini? Nguruwe hawaogopi debe peke yake. Ningerudishwa ukumbini kukaa na wagonjwa na watoto wachanga, na humo ningezeekea.

Nikasema, nitamwogesha.

Bi Tatu akacheka mpaka akashika ubavu. Akanikumbusha mwezi uliopita nilivyojaribu pale kisimani, kwenye sakafu yenye utelezi, nimeshika kamba kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine. Nilimmwagia maji ya kichwa kwanza, akajikung'uta, akavuta, nikaenda chini puu. Kweli nilianguka. Lakini niliondoka pale na akili, na hilo hakuliona.

"Mjomba," nikasema, "lori linaondoka saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

"Basi nipe mpaka adhuhuri."

Mjomba akamtazama bibi. Bibi akasema, "Mwache. Lakini asisaidiwe na mtu. Akishindwa, mbwa anakwenda."

Mama alikasirika, akaingia jikoni. Mimi usiku ule nilipanga yote kichwani, na alfajiri nikaanza.

Nyuma ya banda la kuku palikuwa na kipande cha mtumbwi mbovu, nusu yake tu, kimewekwa chini ya upenu kukinga maji ya mvua. Kilikuwa kimejaa mpaka juu, kwa hiyo maji yalinijia yenyewe, sikuyafuata kisimani. Nikayapunguza kwa kata, nikayajaza kwenye madebe niliyoyapanga upande wa mkono wangu wa kulia, yabaki kidogo tu ya kufika magotini pa mbwa. Chini nikatandika gunia asiteleze. Upande uliokatwa, uliokuwa umezibwa zamani kwa ubao na udongo, nikarundika mchanga wa kupandia, maana mbwa mzima kama yule nani angembeba? Apande mwenyewe. Mimi nikakaa juu ya kinu kilichopasuka, nimekipindua. Kinu ni kizito, hakiyumbi. Mguu mzima nikaukaza kwenye mtumbwi. Gongo nikaliweka mbali na maji, lakini ninapolifikia. Nilivaa kaniki kuukuu ya bibi, ambayo baadaye ingetupwa.

Mama nilimwomba kitu kimoja tu, na bibi alikubali kwamba huo si msaada bali ni upishi: achemshe majani ya mwarobaini. Akayaleta yamepoa, vuguvugu, akayaweka karibu yangu.

Watasema nilimwita kwa kipande cha dagaa. Akapanda. Kamba nikaifunga fupi kwenye kigingi cha upande wa pili, ili akitaka kuruka aruke kwa huko, asinirukie mimi. Nikaanzia mkiani. Hilo ndilo kisima kilinifundisha: mbwa hujikung'uta kichwa kikilowa, basi kichwa kikae mwisho. Nikamimina polepole kwa kata, nikasugua kwa kumbi la nazi na sabuni ya mche, huku nikimsemesha kama mgeni wa heshima. Akatetemeka, akatulia.

Sasa hapa ndipo waliponicheka mpaka wanakufa. Mimi si nilifundishwa kwamba najisi ya mbwa inaondoka kwa mara saba, moja kwa udongo? Basi niliona chombo ni mbwa mwenyewe. Nikamwosha mara ya kwanza, nikachukua udongo mwekundu tuliouweka wa kuoshea vyombo, wa kule mtoni anakochimba mfinyanzi, nikaukoroga na mwarobaini ukawa uji, nikampaka kuanzia mkiani mpaka masikioni. Akawa mwekundu kama chungu kisichochomwa. Nikauacha umkaukie juani, mimi nimekaa juu ya kinu changu, nangoja nimalizie mara sita.

Bi Tatu alikuja na kicha chake cha ukindu mkononi, akaona. "Mwanamvua," akasema, "ukimaliza kumtoharisha umtawadhishe pia. Leo Ijumaa, atamwahi imamu."

Mjomba akakaa chini kwa kucheka. Hata bibi alijifunika mtandio. Maalim Hatibu, aliyekuwa akipita kwenda msikitini, akaingia kuona kuna nini, na Bi Tatu akamweleza kwa furaha zote. Maalim hakucheka sana. Akanieleza kwa upole kuwa mbwa hawi tohara hata umwoshe kwa bahari nzima. Kinachotoharika ni chombo, na nguo, na mikono yangu.

"Maalim," nikamwambia, "hiyo najisi imkae. Kupe nawataka watoke."

Nikaendelea. Ule udongo ulipokauka ulipasuka, nikaubandua kwa kumbi, na kupe wakatoka nao, wamekufa, wamegandamana kama mbegu za ufuta kwenye mkate. Mjomba akaacha kucheka. Akasogea, akainama, akageuza sikio la mbwa kwa kijiti. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini safi. Nikamsuuza mara ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, maana nilikwisha nuia, na kichwa nikakisuuza mwisho. Akajikung'uta. Maji yakampata Bi Tatu kuanzia kifuani mpaka kwenye ukindu.

Nani aliyetafuta udongo baada ya hapo? Si mimi peke yangu. Tulikaa na Bi Tatu pembeni mwa upenu, mimi naosha mikono, yeye anaosha kanga, mara saba wote wawili, ananitukana kimyakimya na mimi namwitikia labeka.

Lori lilikwenda Miono na mjomba peke yake. Jioni nilikuwa ukingoni na debe langu.

Lakini kikubwa si hicho. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama ameweka beseni la nguo chafu pale kwenye kinu kilichopinduliwa, na madebe mawili ya maji upande wa mkono wangu wa kulia. Hakusema masikini. Akaenda zake shamba. Nikafua kutwa nzima, nikawa nalia na kucheka, na tangu siku ile sikunyimwa kazi nyumbani mwetu, hata nikachoka nazo.

Ua ule haupo. Pana ukuta mrefu sasa na lango la chuma, na ukichungulia unaona majani yaliyokatwa na viti vyeupe. Mihogo hakuna, nguruwe hakuna, mfinyanzi aliyechimba udongo hakuacha mtu. Watoto wa siku hizi wanamwosha mbwa kwa mpira wa maji na sabuni yenye harufu ya maua, na hawaoshi mikono mara saba wala moja.

Kama yuko mtu wa Kaole anayesoma haya na alisikia tofauti kwao, anisahihishe. Labda lori halikuwa la Miono, lilikuwa la Vigwaza. Labda haikuwa Ijumaa. Labda Bi Tatu alilowa kidogo tu, maana wanawe walikuwa wakisema hivyo. Nitakubali yote. Ila asije mtu kuniambia kwamba kuna aliyenishikia mbwa.