Herufi Mbili Mbele ya Jina la Babu

Nilibadilisha jina langu kwa sababu ya ukurasa wa mtandaoni niliousoma siku ya mapumziko, nikiwa nimelala chali, miguu ukutani. Wengine siku hiyo huenda ufukweni au madukani wakapige picha. Mimi hubaki Karama, hapa Dubai, kitanda cha juu, pazia limefungwa, simu kifuani. Ni mlinzi kwa kazi na kobe kwa tabia. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani nilidanganywa na mtu. Nilijidanganya mwenyewe, kisha nikalipeleka kosa kwa wakili lipigwe muhuri.

Jina letu la ukoo ni la kizungu. Sitalitaja, limeshanitosha. Babu yangu alikuwa mpishi katika shamba la mlowezi huko Trans Nzoia, na siku ya kuandikishwa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, karani alimuuliza, "Wewe ni wa nani?" Karani alitaka jina la baba yake. Babu, aliyekuwa amesimama pale na aproni, alielewa anaulizwa ni mfanyakazi wa nani. Akataja jina la bwana. Waliomfuata kwenye foleni, mkamuaji na dereva wa trekta, wakaona limekubalika, nao wakalitaja. Ndiyo maana leo ukipita kati ya Kitale na Endebess utakutana na watu wa makabila matatu wenye jina moja, na hakuna undugu wowote kati yao.

Ule ukurasa ulinieleza jina hilo lilikotoka. Lilianza kama kijiji kidogo cha Normandi, kaskazini mwa Ufaransa, mahali pa matofaa na matope. Mwenye kijiji alivuka bahari na jeshi lililoiteka Uingereza, akapewa mashamba ya watu kama shukrani. Wajukuu wakavuka tena kwenda Ireland, wakapewa mashamba ya watu. Ukurasa haukufika Trans Nzoia, lakini mwisho wa safari hiyo mimi naujua, nimezaliwa juu yake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo akazima simu. Mimi nilisoma hadi chini, nikakuta kwamba zamani jina liliandikwa na "de" mbele, na "de" maana yake ni "wa", yaani wa kutoka mahali fulani. Nikaona hapo ndipo heshima yetu ilipofichwa. Nilikuwa nimechoka kuitwa sekyuriti. Likizo iliyofuata, nyumbani Kenya, nilienda kwa wakili mjini, nikaapa, nikaongeza herufi mbili, nikachukua pasipoti mpya. Mashine ya pasipoti haikupenda nafasi katikati, ikaunganisha yote kuwa neno moja ambalo hakuna Mnormandi wala Mbukusu wa kwetu angelitambua.

Jirani yangu wa kitanda cha chini, mtu wa Tanga anayepika katika mgahawa mmoja Oud Metha, alipoiona alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Yaani babu yako aliulizwa wa nani, akajibu. Nawe umeongeza wa nyingine," akasema. "Sasa ni wa wa nani, kaka?"

"Nyinyi mnaoitwa majina ya siku za wiki nyamazeni," nikamjibu.

Mama sikumwambia. Hati ya wakili niliificha nyumbani kwangu kijijini, darini, ndani ya gunia.

Kaka yangu mkubwa yeye alibaki na jina kama babu alivyoliacha. Alikuwa msafishaji, anaishi kwenye mabweni ya wafanyakazi Muhaisnah. Ndiye aliyenitangulia Dubai na kunivuta. Asubuhi moja alipanda basi la kampuni kama kawaida, akaegemeza kichwa dirishani. Walipofika kazini wenzake walishuka. Yeye hakushuka. Walidhani amelala. Dereva akapiga honi, akasema yalla, yalla, haya twende, kisha akaenda kumgusa bega. Moyo, ndivyo karatasi ilivyosema.

Mandoob wa kampuni yake, yaani karani anayezunguka na karatasi za wafanyakazi, alikuwa Mmisri mstaarabu. Alinikalisha, akanipa chai, akaniambia mwili utasafirishwa mara tu ndugu wa damu atakapotia sahihi, na kwamba ningeweza kusafiri nao. Akaweka pasipoti mbili mezani, ya marehemu na yangu. Akazitazama. Akazisogeza karibu, akazitazama tena.

"Baba mmoja?" akauliza.

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Hapa ni jina jingine."

Nikaanza kumweleza. Nilieleza Normandi. Nilieleza "de". Naona aibu hata kuandika: kaka yangu yuko kwenye jokofu, nami nampa mtu wa watu historia ya Ufaransa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole nilete hati ya kubadili jina, halafu khalas, tutamaliza.

Nikampigia mama. Ili nimwambie kuna hati, ilibidi kwanza nimwambie kuna jina. Nyuma yake nilisikia wanawake waliokuja msibani wakisogeza viti.

"Ulikuwa unamkimbia nani?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Baba yako alikufa na hilo jina. Sasa na kaka yako. Wewe peke yako ndiye lililokuchoma?"

Akatuma mtu apande darini. Mchwa walikuwa wamefika kabla yake. Palibaki kipande cha muhuri mwekundu. Maandishi yote yalikuwa udongo. Wakili mwenyewe alishahama, hakuna aliyejua alikokwenda. Mama akaenda kwa chifu, akaandikiwa barua kwamba sisi ni watoto wa mzee mmoja. Chifu alijitahidi, Mungu ambariki, ila jina aliliandika kwa tahajia ya tatu. Mandoob alipoisoma alivua miwani akasugua macho.

Siku zikapita. Nikaomba ruhusa ya msiba kazini. Msimamizi akasema ruhusa hiyo ni ya ndugu wa damu, nilete uthibitisho. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikikagua vitambulisho vya watu, nikihakikisha jina linalingana na jina. Jirani yangu, ambaye kwao maiti hucheleweshwa kwa saa tu, si kwa siku, kila jioni aliniuliza, "Bado?" Nikimjibu bado, alivua viatu polepole, bila utani.

Siku ya kumi na tisa mama aliamua. Alienda mjini akatia kidole gumba kwenye hati ya kumpa mandoob mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya familia. Mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, ndiye aliyetia sahihi mwanawe arudishwe. Mimi niliruhusiwa kusimama kando nikatazama sanduku likifungwa. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya shahidi. Niliandika jina langu hapo, refu lote.

Alizikwa Jumamosi. Ruhusa yangu haikutoka; nilikuwa nimelala kitandani, siku ya mapumziko. Binamu alinishikia simu kule, nikaona miavuli, migongo ya watu, matope, kisha mama akisogea kutupa udongo, peke yake, akitafuta kwa mkono mtu wa kumwegemea. Picha ikakatika. Nikamwambia jirani yangu, ambaye alikuwa ameketi chini yangu akisikiliza yote, kwamba nilichotaka tu ni sisi tuwe watu wa mahali fulani.

Akasema, "Kaka, ungebaki na jina la mpishi, saa hizi ungekuwa makaburini umemshika mama yako."