Siku Niliyomfukuza Baba Mkwe kwa Sauti Yangu Mwenyewe

Jamani, chekeni mapema mmalize, kwa sababu hii habari nikiisimulia huwa natafuta pa kuficha uso. Mimi Lomayani, mtoto wa Malambo niliyekuja Karatu mjini nikafungua steshenari, nilimfukuza baba mkwe wangu kwenye ardhi yangu, mbele ya ndugu zake, siku ya posa. Na tena nilimhesabia sekunde.

Ardhi yenyewe haipo Malambo wala Karatu. Ipo mtandaoni, kwenye ile dunia ya kompyuta ambamo watu wanatembea wakiwa vikatuni, wanajenga nyumba, wanafungua maduka, na mimi nina eneo langu humo nimelikata viwanja nawapangisha watu wa nchi za mbali. Viwanja vikishakuwa vingi huwezi kuvizungukia kwa mguu, kwa hiyo ninayo programu ya kuvisimamia: inaweka mipaka, inamjua kila mpangaji, inafukuza wavamizi, na vitu vya watu wasiohusika inavirudisha kwa wenyewe. Onyo lake la kufukuza lilikuwa la Kizungu, nikaona halina ukali, nikarekodi la kwangu kwa Kiswahili (huo ujinga wa kwanza, uhesabuni).

Mchumba wangu Paskalina, mwalimu, binti wa kutoka Buger, ndiye mwenye mikono. Miezi mitatu, kila akitoka shule, alikuwa anajenga kwenye kiwanja changu kikubwa: nyumba ya bati jekundu, mizinga ya nyuki, zizi, ng'ombe kumi na wawili wenye nundu kabisa. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa pembeni na kusema, "Hapo safi."

Sasa baba yake, Mzee Tluway, ni mkulima wa maharage, na kwake hakuna binti anayetoka kabla yeye hajakanyaga shamba la kijana, mpaka kwa mpaka. Nilimwambia ukweli, kwamba hapa mjini nina kiwanja kidogo hata msingi hakina, mali yangu nyingine iko kwenye kompyuta. Akasema, "Basi nitaikanyaga hiyo ya kompyuta."

Jumamosi asubuhi wakaja dukani, yeye, mama mkwe, Paskalina na mashangazi watatu. Upande wangu alikuwepo baba mdogo, ametoka Malambo na shuka lake na fimbo. Nilikuwa nimeunganisha kompyuta na televisheni kubwa, na madereva wa utalii waliokuja kutoa kopi nao wakaamua hawana haraka. Wakati wageni wanasalimiana mimi nikachungulia eneo langu, nikakuta mtu asiyejulikana ameacha sanamu ya tembo mlangoni kwa Paskalina. Ningeiondoa hiyo moja tu, yangeisha. Lakini nilikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja, nikabonyeza "Safisha na linda eneo lote". Programu ikaniuliza kitu kirefu, mwisho wake "Una uhakika?" Nikabonyeza Ndiyo. Kusoma sikusoma.

Paskalina alikuwa amemtengenezea baba yake kikatuni chenye kofia na koti kama lake. Mzee akashika mausi kwa mikono miwili, akaanza kutembea mpakani taratibu, huku akiuliza maswali ya maana (maji yanatoka wapi, huyo jirani ni mtu gani), na mimi najibu kifua mbele. Alipofika zizini, bati la nyumba likatoweka.

"Upepo huo?" akauliza shangazi mmoja.

Zikafuata kuta, halafu mizinga, halafu ng'ombe, mmoja mmoja, mpaka akabaki Mzee peke yake kwenye uwanja mtupu, na spika za duka, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezipandisha sauti, zikanguruma kwa sauti yangu: "Wewe mgeni! Huna haki kwenye ardhi hii! Ondoka! Kumi! Tisa! Nane!"

Nilivuta waya, kumbe ni wa mashine ya kopi. Ilipofika sifuri kile kikatuni kikarushwa juu, kikaenda kutua baharini, kofia na koti. Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Paskalina hakucheka, aliniangalia tu, akasema, "Lomayani, miezi mitatu." Nilitamani ardhi ya kweli ipasuke inimeze.

Baba mdogo ndiye aliyeelewa wa kwanza, wala hajawahi kushika kompyuta. "Imeangalia alama za masikio, kama sisi tunavyowajua ng'ombe wetu," akasema. "Hao ng'ombe hawakuwa na alama yako. Ni wa binti."

Mzee Tluway akaweka mausi chini. "Nyumba alijenga nani?"

"Paskalina, baba."

"Ng'ombe?"

"Paskalina."

"Na huko kwenye kompyuta mwenye ardhi ameandikwa nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Kwa hiyo siku ukikasirika unabonyeza, binti yangu anarudi Buger na bati lake kichwani."

Nilitaka kusema sikuwa na nia mbaya, na kweli sikuwa nayo, ila ndiyo hivyo, miezi mitatu sikuwahi hata kufikiria kumwandika. Niliona aibu kuliko ile ya spika. Mzee akasema posa haitapokelewa mpaka jina la Paskalina liandikwe, huko na kwenye kile kiwanja cha mjini pia. Cha kompyuta niliandika palepale, wakasogea wote kuhakikisha. Cha mjini nilikwenda kukiandikisha ofisi ya ardhi Jumatatu, Mzee yuko nyuma yangu kwenye foleni.

Tumeoana, na vitu vyake vilirudi salama kwenye ghala lake la humohumo kwenye kompyuta, ila nyumba alinijengesha mimi upya. Tangu siku ile sibonyezi Ndiyo kabla sijasoma mpaka nukta ya mwisho, na ile rekodi niliapa kuifuta. Paskalina akakataa, kwa vile na yeye sasa ni mwenye ardhi. Wiki iliyopita tulikwaruzana kidogo kuhusu vyombo nilivyoviacha bila kuosha, nikaenda zangu dukani, nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye kiwanja chetu.

"Wewe mgeni!" spika zikanguruma.

Safari hii aliyebonyeza ni Paskalina, wala sikusubiri ifike sifuri. Nilifunga duka, nikaenda nyumbani kuosha vyombo.