Dozi ya Kadi Sitini

Shangazi yangu alinifunga Jumapili kumi na moja mfululizo. Idadi naijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiitaja, kwa sauti, mbele ya wageni. Nikifika kwake Nkoaranga nimetota jasho la mlima, nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," ananijibu, "Marahaba, wa saba." Wiki inayofuata nakuwa wa nane.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, muuguzi mstaafu, mjane, mwembamba kama mwiko. Nusu ya mibuni yake alikuwa ameing'oa akapanda nyanya, maana siku hizo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipita kila mmoja na mizani yake na maneno yake, naye hakuwa na subira na watu wanaoanza kubishana kabla ya kusalimia. Subira yake yote aliiweka kwenye kadi.

Kadi zenyewe aliachiwa na daktari kijana wa Kijerumani aliyewahi kuja hospitalini kujitolea. Masika yakikolea, njia za mlimani zinateleza, wagonjwa wa nje wanapungua, na mchana yule daktari alikuwa akikaa kwenye benchi la barazani akijichezea mwenyewe, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Shangazi hakuweza kuvumilia kuona mtu mzima anajifunga mwenyewe. Akaomba afundishwe. Daktari aliporudi kwao alimwachia boksi zima la viatu: kadi zaidi ya mia nne na kijitabu cha sheria.

Hazikuwa karata za kawaida. Kila kadi ilikuwa na rangi yake na picha yake, joka, askari, ukuta wa mawe, jini la maji, na pembeni tarakimu za gharama ya kuicheza, nguvu yake na uvumilivu wake. Chini kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza ya kueleza kadi inafanya nini. Kabla ya kucheza, kila mtu anachagua kadi sitini boksini. Hizo sitini shangazi aliziita dozi. Kadi iliyokufa ilipelekwa mochwari. Na zile ambazo kijitabu kiliziita uchawi, yeye, Mlutheri wa kuzaliwa, aliziita dawa, na hakuna aliyeruhusiwa kuziita vinginevyo chini ya paa lake.

Mgeni ndiye aliyechagua kwanza. "Chukua unazotaka," alikuwa akiniambia huku akimenya ndizi. "Mimi nitakula makombo." Nami nilichukua majoka yote, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliamini majoka. Joka ni ghali, na kila zamu inakuongezea uwezo kidogo tu wa kulipa. Kabla sijafikisha gharama ya kulicheza, shangazi alikuwa ameshanimaliza kwa panya, mbwa na askari wa miguu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupata kazi ya kuhudumia wateja kwenye intaneti kafe moja Kimandolu. Kafe hizo zilikuwa zikiota mjini kama uyoga. Yetu ilikuwa na kompyuta sita, moja mbovu, na mwenye nayo alikuwa mama wa Kichaga aliyeanza na mitumba, akasema inachafua kucha, akaja kwenye vipodozi, kisha kwenye kompyuta. Asubuhi wateja walikuwa wachache. Siku moja niliona nyuma ya kijitabu cha shangazi, nilichokuwa nimekiazima ili nijifunze kufungwa kwa heshima, pameandikwa anuani ya tovuti. Nikaichapa.

Ukurasa ulichukua muda wa kunywa chai na andazi kufunguka. Ulipofunguka nilikuta fomu ya kutafutia kadi. Si ya kutafuta jina tu. Unaweza kuuliza: nipe kadi zote za rangi ya buluu ambazo gharama yake haizidi mbili. Nipe zote zenye neno fulani kwenye maandishi yake. Nipe zenye uvumilivu kuanzia nne, halafu ondoa majoka. Unajaza visanduku, unabonyeza, unasubiri, na kadi zinajipanga mbele yako kama wanafunzi mstarini. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma wa nyumba ambayo siku zote alikuwa akigonga mbele.

Tatizo lilikuwa moja. Ukurasa ulizijua kadi zote za dunia, na mimi nilihitaji kujua zile za boksi la shangazi tu.

Basi nikawa mpwa mwema. Jumapili mbili mfululizo nilikosa ibada kwa kisingizio cha kichwa, nikabaki nyumbani kwake "kupika". Yeye baada ya ibada alikuwa na kikao cha akina mama, nami nikapata nafasi ya kutosha. Mahindi ya loshoro yakitokota jikoni, mimi nimekaa chini na boksi na daftari, naandika jina la kila kadi. Nilizipanga kwa rangi, na ndani ya rangi kwa alfabeti. Nilipomaliza nilizirudisha, nikaosha mikono, nikaja kumpokea shangazi mlangoni.

"Kichwa kinaendeleaje?" akaniuliza.

"Kimepoa, shangazi."

"Hongera," akasema, akapita.

Wiki ile sikufanya kazi ya mtu. Daftari kwenye paja, mkono kwenye mausi, nilitafuta, nikalinganisha, nikaweka alama. Nilichogundua kilikuwa cha aibu: kadi ambazo sote tulikuwa tukizipita kwa dharau ndizo zilizoelewana. Kulikuwa na kuta za bei rahisi zisizoweza kushambulia hata kuku, lakini hazipitiki. Na kulikuwa na dawa za buluu zilizomlazimisha mpinzani kutoa kadi kwenye dozi yake mwenyewe na kuzitupa mochwari, mbili mbili, tatu tatu. Kijitabu kilisema wazi kwamba anayetakiwa kuchukua kadi akakuta dozi yake imeisha, ameshindwa. Hakuna aliyewahi kushindwa hivyo Nkoaranga.

Nilikuwa katikati ya kutafuta kuta nilipohisi manukato nyuma ya shingo. Mwenye kafe alikuwa ameinama, anasoma kioo.

"Unatafuta nini?"

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda ilikuwa rahisi kuliko kueleza. "Mchumba," nikasema.

Akavuta kiti. Alikuwa amesikia kwamba mambo hayo yapo kwenye intaneti. Akasoma visanduku nilivyojaza, polepole, akitafsiri kwa sauti. "Gharama isizidi mbili. Nguvu, sifuri. Uvumilivu, kuanzia nne." Akanigeukia kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, mume asiye na gharama, asiye na nguvu, mvumilivu tu?"

"Ndiyo, mama."

"Usijisumbue na kompyuta. Mimi nimeolewa naye."

Jumapili iliyofuata nilipanda mlima nikiwa nimenyooka. Mwalimu wa kwaya, jirani yake shangazi na mtazamaji wetu wa kudumu, alikuwa ameshakaa na kikombe chake cha chai. Nilipochagua kuta zote mwalimu alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sosa. "Binti anajenga!" akasema.

Nilijenga kweli. Shangazi alileta mbwa wake, wakagonga ukuta. Akaleta askari, wakagonga ukuta. Kila zamu mimi namwambia kwa adabu, "Shangazi, mbili mochwari tafadhali." Mwanzoni alizitupa kwa mbwembwe. Baadaye akaanza kuzishika kidogo kabla ya kuziachia. Hatimaye akanyoosha mkono kuchukua kadi, akakuta meza tupu.

Alifuta miwani, akakichukua kijitabu, akasoma ukurasa ule mara mbili. Mwalimu wa kwaya aliacha kunywa chai.

"Nani amekufundisha?" shangazi akauliza.

"Nimefikiria tu, shangazi."

"Umefikiria." Akatikisa kichwa, akaniletea mkungu wa ndizi nirudi nao mjini. Ningekuwa na akili, mkungu ule ungenitia hofu. Shangazi hakuwahi kumpa mtu mkungu mzima. Lakini nilikuwa nimelewa ushindi. Nilishinda tena Jumapili ya pili, na ya tatu, na siku hiyo ya tatu nikathubutu kumwambia alipoitikia salamu yangu, "Nimekuja, shangazi wa tatu." Mwalimu wa kwaya alitoka nje, eti kuangalia mvua.

Jumanne iliyofuata mlango wa kafe ulifunguliwa akaingia shangazi, kitenge kipya, mkoba wa kanisani kwapani. Kabla sijasimama vizuri, mwenye kafe alishamwamkia, akamkaribisha kiti, akamuuliza kwa furaha, "Mama, binti yetu ameshampata yule mchumba?"

"Mchumba gani?"

"Huyu wa kwenye kompyuta. Asiye na nguvu."

Shangazi alinitazama kwa muda ambao ukurasa wa intaneti ungeweza kufunguka. Kisha akakaa mbele ya kompyuta namba tatu, akavaa miwani. "Nionyeshe huyo mchumba," akasema.

Nilimwonyesha. Nilifikiri atagomba. Badala yake alifurahi kama aliyeletewa hadubini mpya ya maabara. Kibodi alikuwa hajawahi kuigusa, akaniambia nimchapie. "Niulizie wenye mabawa," akasema. Nikauliza. "Wenye mabawa, gharama isizidi tatu." Nikauliza. "Wenye mabawa wanaoruka juu ya kuta." Asubuhi nzima ilikuwa mabawa. Aliandika majina kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia mkobani, akaniaga kwa upole.

Nilikuwa mtu wa kompyuta. Nilijua alichouliza, kwa hiyo nilijua atakachocheza. Wiki nzima nilitafuta dawa ya mabawa. Niliondoa nusu ya zile kadi zangu za mochwari, nikaweka nyavu, buibui wakubwa, wapiga mishale. Nilikwenda Nkoaranga nikiwa na dozi ambayo hata ndege wa mlima Meru wangeiogopa.

Shangazi hakuleta hata unyoya.

Alisubiri nimalize kuchagua. Akachukua kadi chache boksini bila kuziangalia sana. Kisha akafungua Biblia yake kubwa, ile ya maandishi makubwa, akatoa bahasha ya hospitali iliyokuwa imetulia kwenye Mambo ya Walawi, na ndani ya bahasha ile zikatoka kadi ambazo hazikuwa kwenye daftari langu. Zilikuwa nyeusi. Zilikuwa na pembe.

Mwalimu wa kwaya alisimama. "Mama! Hao mashetani si uliniambia umewachoma?"

"Niliwachoma," shangazi akasema akizichanganya. "Sindano."

Nilipata habari yote baadaye. Mwaka mmoja kabla, mwalimu ndiye aliyemshauri kwamba picha zile hazifai nyumbani kwa Mkristo, naye akakubali kwa heshima zote, akaziondoa boksini. Kuziondoa boksini tu. Mimi nilianza kucheza baada ya hapo, nikadhani daktari hakuwa nazo.

Mashetani hawakuruka. Walitembea. Walikanyaga kuta zangu moja baada ya nyingine, buibui wangu wakibaki wanatazama juu wakisubiri mabawa ambayo hayakuja. Shetani mmoja alikuwa na ulafi kiasi kwamba kila zamu alidai kula mnyama wa bwana wake mwenyewe, na shangazi alimpa mbwa kwa utulivu, kama anayemlisha mgonjwa uji. Nilikufa kabla chai haijapoa. Mwalimu wa kwaya, ambaye mwanzoni alikuwa amefunika macho, mwishoni alikuwa anasema, "Mpige na yule mwenye mikia miwili!"

Nilinuna. Nasema kweli, niliumia kuliko Jumapili zote kumi na moja, maana safari hii nilikuwa nimejiona mjanja. Nikamwambia haikuwa haki, kadi zile hazikuwemo boksini.

"Haki," akasema. "Na kichwa kilichokuuma Jumapili mbili?"

Nikaanza kukusanya kadi zangu.

"Mwanangu, nimefanya kazi stoo ya dawa miaka sita. Natoka kanisani nakuta kadi zangu zimepangwa kwa rangi na kwa alfabeti. Ulidhani nitasema panya?"

Alijua tangu siku ile. Aliacha nishinde mara tatu kwa sababu, alivyosema, alitaka kuona ugonjwa unaelekea wapi kabla ya kutoa dawa. Sikuamini kwamba ile mara ya kwanza alijiachia, na mpaka leo siamini. Nilimwona alivyofuta miwani.

Akadai daftari. Nikalitoa, nikidhani litaenda jikoni kuwashia moto. Alilifungua, akarekebisha spelingi zangu mbili kwa kalamu nyekundu, na ukurasa wa mwisho akaandika majina ya mashetani wote kwa mwandiko wake wa hospitali. Kuanzia hapo akawa anashuka Kimandolu kila Jumanne. Mwenye kafe alimwekea kompyuta namba tatu, na baada ya mwezi shangazi alikuwa anachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, maswali ambayo mimi sikuwahi kuyawaza. Sikumfunga tena zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara alilipiza siku hiyohiyo.

Katika Jumanne hizo tulipata barua pepe kutoka kwa yule daktari wa Kijerumani, kwenye anuani ya kafe. Shangazi alinitamkia jibu lake niandike, amesimama nyuma yangu na mikono mgongoni kama anayetoa ripoti ya wodi. Nyanya zimekubali. Paa la hospitali limepakwa rangi. Kadi ziko salama, zote, na tangu aondoke hakuna mtu aliyewahi kumfunga.

"Hakuna, shangazi?"

"Andika."

Nikaandika. Akainama kutafuta miwani mkobani ili ahakiki, na wakati anahangaika na zipu nikaongeza mstari mmoja chini, wenye tarehe tatu za Jumapili na neno "kuta", nikabonyeza kutuma.