Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Siku mganga wetu aliposhuka Same kwenye semina akaniachia funguo za zahanati, nilizifunga kiunoni na kutembea makusudi ili zilie. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Mimi ni mtu wa Kihurio, tambarare, ambako mtu akikuita unamwona. Huku juu, milimani karibu na Bombo, watu wanaitana kutoka ng'ambo ya bonde na katikati kuna ukungu mtupu, na bado wanaelewana. Asubuhi ile nilicheka peke yangu nikifungua stoo, nikacheka nikitundika mizani, nikanyoosha chati ya ukutani ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Leo mkubwa ni mimi, nikajiambia. Waleteni watoto.

Wakaletwa. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto wadogo, na hadi saa tatu benchi lilikuwa limejaa akina mama, pamoja na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kupimwa presha na hakuona sababu ya kusubiri siku ya watu wazima. Nilipima, niliandika, nilitania. Kila mtoto aliyeongezeka uzito nilimpongeza kana kwamba nimemlisha mimi.

Halafu akaingia bibi mmoja, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie huyu uzito tu, niwahi. Mama yake ameshuka Maore kuvuna mpunga, na mbuzi wangu sijawakatia majani."

"Anakohoa?"

"Mafua hayo. Ukungu huu, halafu anaota meno."

Nikamtundika kwenye mizani. Watoto wenye afya wanapigana na ile mizani. Wanarusha miguu, wananikojolea. Huyu alining'inia kama kikapu. Sikupenda. Nikauliza maswali yote tuliyofundishwa: anakunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Majibu yalikuwa mazuri, na macho ya mtoto yalinifuata nilipotembea. Kilichobaki ni pumzi. Mtoto wa miezi kumi na mmoja mwenye kikohozi, akipumua mara hamsini au zaidi kwa dakika, hiyo tunaihesabu nimonia, na anaanza dawa leo, si kesho. Chini ya hapo, na kama hana dalili nyingine, anarudi nyumbani na mafua yake. Basi mambo yote yalikuwa ndani ya dakika moja, na katika dakika hiyo mtoto asilie, asinyweshwe kitu, na mimi nisikodolee macho kitu kingine chochote.

Nikapandisha fulana yake, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Sasa, kuna jambo sikuwa nalijua. Walutheri na Wakatoliki wa milima hii wana mambo yao ya kubishania, lakini hili hawabishani: mtu akiinamisha kichwa mbele ya mgonjwa na kunyamaza, anaomba. Na anayekaa anamtazama tu amekosa adabu. Nilikuwa nimefika kumi na tisa niliposikia benchi linalia. Wamesimama wote. Nilipofika ishirini na nne, sauti nzito ya mzee wa kanisa ikatoka juu ya kichwa changu: "Baba wa mbinguni, mbariki nesi wetu huyu mwenye imani..." Mama mmoja akaanzisha wimbo. Wenzake wakaupokea kwa sauti tatu, nzuri kwelikweli, zikagonga bati na kurudi. Mtoto akashtuka, akaangua kilio.

"Amina," wakasema.

"Amina," nikasema na mimi. Ningesema nini?

Mtoto aliponyamaza nikawaeleza: jamani, siombi, nahesabu pumzi. Ahaa! Wakacheka, wakaona aibu, na aibu yao ikageuka bidii, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Nikainama tena. Nilikuwa kwenye saba niliposikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Nane." Wa pili akasema tisa. Punde benchi zima linanisaidia. Mzee wa kanisa alihesabu kwa Kipare, polepole, kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini. Mama wawili walimpita. Mmoja aliruka thelathini zote. Msichana mdogo aliyeanza chekechea mwaka huo alikuwa anajua mpaka kumi, basi kila akifika akapiga kelele "KUMI!" na kuanza upya. Nilicheka mpaka nikashika meza. Sote tulicheka, hata bibi.

Mtoto hakucheka. Alilia, na kilio chake kikakatika katikati ili avute hewa, kikaanza, kikakatika. Kicheko kikaniisha hapo hapo.

Nilipogeuka, bibi alikuwa ameshamweka mgongoni na anakaza kanga. "Umejitahidi, mwanangu. Nitakuja wiki ijayo."

Nina hasira za karibu, mama yangu anazijua. Nikaruka mpaka mlangoni, funguo zote zikilia, nikasimama katikati. "Bibi, huondoki!"

Bibi yule angeweza kuwa amemzaa mama yangu. Akanitazama kuanzia viatu. "Unanifokea mimi?"

"Nisamehe, bibi," nikasema. "Naogopa. Naogopa ana nimonia na mimi sijui. Ukitoka hapa nitakaa bila kujua mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo ni mbali."

Akakaa. Akamfungua mtoto, akamlaza mapajani na kumbembeleza mpaka kilio kikaisha.

Ndipo akili ikanijia, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Nikamgeukia mzee wa kanisa. "Mzee, naomba utuongoze tuombe. Lakini kimya kimya, kila mtu moyoni, macho yamefungwa, mpaka nitakaposema amina."

Wakainamisha vichwa. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Hata yule wa chekechea alifumba macho, akayaziba na viganja juu yake. Mimi peke yangu nilikuwa macho wazi, jicho moja kwenye kifua na jingine kwenye saa. Hamsini ilipita na mshale ulikuwa bado unatembea. Hamsini na nane.

"Amina!"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtoto ana nimonia na nesi anataka kuruka! Lakini nilikuwa najua, na ukishajua unafanya. Nikayeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji, akakimeza chote huku amekunja uso. Nikamwambia bibi: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano hata akichangamka, na umlete keshokutwa. Akikataa kunywa au kifua kikibonyea ndani, usingoje keshokutwa, njoo hata mvua ikinyesha. Alirudia yote bila kukosea. Kisha akauliza, "Kifua kikipanda na kushuka, ni pumzi moja?" Moja, nikamjibu. Akaenda zake.

Siku mbili zile sikuwa mtu. Niliangusha kopo la pamba. Niliandika uzito wa mtoto mmoja kwenye kadi ya mwingine, nikawakimbiza mama zao mpaka njia panda. Kila nikisikia kikohozi barabarani nilitoka nje.

Keshokutwa yenyewe bibi akaja. Nikampokea mjukuu, naye akaikamata saa yangu, akaitia mdomoni, na nilipoichukua akanipigia ukelele wa kupasua masikio, mrefu, bila kukatika. Nikacheza. Nilicheza kweli, na viatu vyangu vya kazi, mbele ya foleni.

"Tulia," bibi akasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni. Ilikuwa na mafundo matatu, na ndani ya kila fundo punje za mahindi. Akazimwaga mezani mafungu matatu. Hana saa, akanieleza, lakini ana babu. Babu husali Baba Yetu kwa mwendo mmoja tangu waoane. Basi babu alisali kwa sauti, mtoto akiwa amelala, na yeye akakaa macho wazi, na kwa kila pumzi akaweka punje.

"Hizi za jioni ile. Hizi za jana. Hizi za leo alfajiri."

Nikahesabu. Ishirini na tisa. Ishirini na mbili. Kumi na sita. Nilihesabu mara mbili kwa sababu machozi yalikuwa yananichanganya.

Bibi alizikusanya zile ishirini na tisa, akatoka nazo mpaka kizingitini, akawarushia kuku. Zile kumi na sita akazifunga tena kwenye kanga.