Jina la Mama wa Kuluba

Baada ya miaka mingi ya kufundisha katika shule ya Mvara, nilipata kazi ya miezi michache: kukagua jinsi vituo vya usalama vya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, vinavyopashana habari za magenge. Nilidhani nitakuta mafaili na kompyuta. Nilikuta kundi la WhatsApp.

Mkuu wa kituo kimoja upande wa Koboko alinionyesha simu yake kwa fahari. "Mwalimu, angalia. Habari ikitoka hapa, sasa hivi iko Arua."

Nikasoma. Katikati ya picha za washukiwa na salamu za Jumapili palikuwa na jina kamili la mama mmoja wa Kuluba, na kijiji chake, na kwamba ndiye aliyesema genge linaficha wapi mbuzi wa wizi.

"Humu mna watu gani?" niliuliza.

"Wote. Wenyeviti, watu wa boda, wafanyabiashara. Usalama ni wa kila mtu."

Kesho yake nikaenda Kuluba. Nilimkuta yule mama anasugua mlango wake kwa majivu. Jamaa wa lile genge walikuwa wameupaka kinyesi, mara ya tatu wiki ile, na kingine wametia kwenye mtungi wa maji ya kunywa.

"Mimi nilisema na mutu moja tu kule kituo," aliniambia, mkono hausimami. "Alifunga mlango, akasema, mama, hii iko siri. Sasa watu yote iko najua."

Nilichukua tambara, nikasugua naye.

Nilipomweleza yule mkuu wa kituo, alikuwa anakula muhogo. Hakuacha kutafuna. "Lakini genge lilihama, mwalimu. Mfumo unafanya kazi. Andika hivyo."

Nilimtazama mdomo ule unaong'aa mafuta, nikatoka nje kutema mate.

Niliandika yote, isipokuwa jina la mama. Ripoti ilipotoka, ukurasa wangu ulikuwa umebaki mstari mmoja: mawasiliano ni ya haraka, changamoto ni ndogo. Niliwaambia wakubwa walionipa kazi waondoe jina langu. Hilo waliliondoa bila shida.

Mama alihamia Ayivu, upande wa Arua, kwa dada yake, akaacha shamba la muhogo bila kuvuna. Nilikwenda kumwona. Alinipa kiti, akanipakulia maharage. Nilipoanza kuomba radhi, alichukua jembe lake, akaenda kupalilia.