Mama Pindo na Daftari la Matukio

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililoshonwa mara moja tu. Alishona, akageuza, akashona tena. Kwa miaka thelathini na moja cherehani yake ilikaa kwenye chumba kimoja kilichotazamana na kituo cha mabasi, akishona sare za shule na mapazia ya maofisi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruzana na mtu wa serikali hata siku moja. Ofisi za halmashauri alizijua kwa jambo moja tu, leseni, na alipoipata alirudi zake kazini.

Hayo yalikuwa kabla mama yake hajaanguka.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na mbili, akiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyoendeshwa na shirika la hisani kwa ruzuku ya halmashauri. Kumpeleka kule kulimnyima Mama Pindo usingizi. Lakini yeye alikaa ghorofa ya tatu, kwenye ngazi zisizo na hata pa kushika, na mchana kutwa alikuwa kwenye cherehani. Bibi mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema kule kuna watu wa kumtazama, akafungasha vitu vyake hata kabla binti yake hajamaliza kulia.

Siku alipoitwa hospitali, Mama Pindo alimkuta mama yake kitandani, mfupa wa nyonga umevunjika. Meneja wa nyumba ya wazee alikuwa amesimama kando, mwanamume mwenye sauti laini aliyemwita kila mtu "mama yangu" na "baba yangu". Akampa pole. Akaeleza kwamba bibi aliteleza bafuni jioni ile, wahudumu wakamwinua papo hapo. Wazee, akasema, miguu yao si ya kuaminika tena.

Bibi alingoja meneja atoke. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Nilianguka watu wakitoka kula chakula cha mchana, mwanangu. Niliita mpaka sauti ikanikauka. Walinikuta walipokuwa wanatukusanya kwa chakula cha jioni."

Bibi alikuwa mzee, lakini akili zake zilikuwa timamu kuliko za wengi. Alijua siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu, na alijua nani ana kitambaa chake tangu mwaka juzi hajakirudisha. Kama alisema mchana, ilikuwa mchana. Mama Pindo akahesabu: saa nane hadi saa kumi na mbili. Saa nne juu ya vigae, mfupa umevunjika, kwenye nyumba iliyojaa watu walioajiriwa kumtazama.

Kule kwenye nyumba ya wazee, juu ya meza ya mapokezi, kulikuwa na daftari kubwa la jalada jekundu. Alikuwa akiliona kila Jumapili. Ndimo mhudumu wa zamu alimoandika nani ameanguka, nani ameugua, saa ngapi, na nani alikuwepo. Kesho yake akaenda kuomba alitazame, ukurasa wa siku ile moja tu.

Meneja akatabasamu. Daftari, akasema, ni mali ya ndani ya shirika, na shirika si serikali. Kama anataka kumbukumbu, aende halmashauri, wao ndio wenye sheria ya kutoa habari.

Akaenda halmashauri. Kwenye dirisha la masjala alikaa karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyezungumza bila kuinua kichwa. Karani akamjibu kwamba halmashauri inatoa ruzuku tu, haiendeshi nyumba. Kumbukumbu ziko kwa shirika. Mama Pindo akamwambia kwamba shirika ndilo lililomtuma pale. Karani akamsogezea fomu.

Akaijaza. Ikarudi baada ya wiki mbili kwa sababu hakutaja kifungu cha sheria. Akajaza nyingine. Ikarudi kwa sababu ilielekezwa kwa ofisa asiyehusika. Akauliza ni nani anayehusika. Akaambiwa yuko semina. Aliporudi kutoka semina alikuwa likizo. Ya tatu ilikaa miezi miwili bila jibu, na kila alipokwenda kuulizia alikuta benchi lilelile, feni ileile mbovu, na watu walewale waliochoka, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Baba mmoja alikuwa akitafuta ramani ya kiwanja chake tangu kabla mwanawe wa mwisho hajaanza shule. Alilisimulia hilo huku akicheka, na Mama Pindo hakuona cha kuchekesha hata chembe.

Hatimaye jibu likaja. Ombi limekataliwa, barua ilisema, ili kulinda faragha ya mzee aliyetajwa.

Aliisoma mara tatu akiwa amesimama katikati ya chumba chake cha kazi. Faragha. Walimwacha mama yake saa nne sakafuni mlango ukiwa wazi, nguo zimemlowa, na leo wanamlindia faragha asijulikane na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alimwita mara mbili asisikie.

Jioni ile akachukua wino na karatasi, akaenda kwa mama yake, ambaye sasa alikuwa amerudishwa nyumba ya wazee, kwenye chumba cha chini. Bibi akakandamiza dole gumba chini ya maneno yaliyosema binti yangu aonyeshwe kila kilichoandikwa juu yangu, akatazama alama yake, akaona imefifia, akakandamiza tena.

Karatasi hiyo nayo ikajibiwa. Safari hii waliandika kwamba nyaraka husika hazipo.

Mdogo wake, dereva wa lori, ndiye aliyekuja kumsihi aache. Hakuwa mtu mwoga, lakini meneja alikuwa amempigia simu, kwa upole kama kawaida yake, akimkumbusha kwamba vyumba vya chini ni vichache na orodha ya wanaongoja ni ndefu.

"Dada, watamtoa mama. Tutampeleka wapi na ile nyonga?"

Mama Pindo alijua mdogo wake ana watoto wanne kwenye vyumba viwili. Alijua pia kwamba maneno yale hayakuwa ya mdogo wake. Yalipitishwa kwenye kinywa chake tu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Walikuwa wamemtumia ndugu yake kumfunga mdomo. Wakaenda kumuuliza bibi mwenyewe. Bibi akasema kwamba kitanda ni kitanda tu, kingine kitapatikana, na kwamba angependa kujua wameandika nini.

Chini kabisa ya barua ya mwisho kulikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo sana. Mama Pindo, aliyezoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano, aliisogeza dirishani akaisoma. Asiyeridhika alikuwa na haki ya kukata rufaa kwa ofisa wa rufaa za habari ndani ya siku thelathini. Zilikuwa zimebaki sita. Akafunga chumba mchana, akaipeleka rufaa kwa mkono, akakataa kuondoka mpaka nakala yake ilipopigwa mhuri.

Ofisa wa rufaa alikuwa mwanamume mkimya, mwenye kikohozi. Aliwaita wote kwenye chumba chenye meza ndefu: meneja, mwanasheria wa halmashauri, na karani wa masjala aliyebeba majalada. Meneja akarudia kwamba shirika si ofisi ya umma. Ofisa akamsomea sheria polepole: chombo kinachofanya kazi ya umma kwa fedha ya umma kinahesabiwa ofisi ya umma kwa kazi hiyo. Akaagiza daftari liwekwe mezani.

Ukurasa ulikuwepo, mwandiko mzuri, bila hata neno moja kukatwa. Saa kumi na moja na dakika hamsini jioni mkazi ameteleza bafuni. Amesaidiwa papo hapo. Wahudumu watatu zamuni. Mwanasheria akafunga kalamu yake, kana kwamba kikao kimekwisha.

Mama Pindo hakuwa anasoma tena. Alikuwa amelifungua daftari mpaka mgongo wake ukaonekana, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha akafungua mbele kidogo, halafu nyuma, akarudi palepale.

"Daftari hili limefumuliwa," akasema. "Kote limeshonwa kwa uzi wa pamba. Hapa pana uzi wa nailoni. Na matundu ya zamani haya hapa, yameachwa pembeni."

Meneja akacheka kidogo, akasema huyu mama ni fundi wa nguo, hawezi kujua mambo ya vitabu. Ofisa hakucheka. Alivuta daftari, akavaa miwani, akatazama matundu moja baada ya jingine. Akamuuliza meneja kama kuna nakala yoyote nyingine ya kurasa zile. Meneja akasema hakuna. Akamuuliza mwanasheria wa halmashauri. Mwanasheria naye akasema hakuna, na kwamba wao walishajibu hivyo kwa maandishi.

"Zipo," akasema karani.

Wote wakamgeukia. Karani alikuwa ameyakumbatia majalada kifuani, uso umempauka. Akaeleza, macho yakiwa kwenye meza, kwamba kila mwisho wa mwezi shirika huleta halmashauri nakala ya daftari zima kabla ya kupewa ruzuku ya mwezi unaofuata. Nakala za mwezi ule ziliingia masjala wiki moja kabla mama huyu hajaleta fomu yake ya kwanza. Yeye mwenyewe alizipokea. Barua ya kusema hazipo aliichapa kwa kuambiwa.

Akatumwa kuzileta. Masjala ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lilelile; hakuchukua hata dakika kumi. Miezi saba Mama Pindo alikuwa akikaa kwenye benchi, na karatasi alizokuwa akizitafuta zilikuwa nyuma ya ukuta alioegemea.

Nakala iliandikwa kwa mwandiko mwingine, wa haraka. Mkazi amekutwa bafuni saa kumi na mbili na robo, hajulikani ameanguka lini, anasema tangu mchana. Mhudumu mmoja zamuni, wakazi thelathini na wanne. Chini yake mhudumu huyo aliongeza kwamba huyu ni wa tatu kuanguka bafu hilohilo mwezi huu, na kwamba aliomba vyuma vya kushikilia mara mbili bila kujibiwa.

"Kwa hiyo mlijua," Mama Pindo akamwambia mwanasheria. Hakupandisha sauti. "Mlikuwa nayo, mkaniandikia kwamba mnamlindia mama yangu faragha."

Mwanasheria akasema hilo ni suala la uratibu wa ndani.

Uamuzi wa ofisa ulitoka baada ya siku kumi. Meneja alisimamishwa. Bafu likawekewa vyuma, zamu ya mchana ikaongezwa wahudumu, na kitanda cha bibi hakuna aliyethubutu kukigusa. Mwanasheria alibaki kwenye kiti chake. Karani alihamishiwa stoo, na Mama Pindo alipokwenda kumsalimia alimkuta akihesabu ndoo za rangi, naye akamwambia kwamba hajutii, ila angependa dirisha. Kwa Mama Pindo halmashauri ilituma barua ya mistari mitatu, ikisikitikia usumbufu uliojitokeza. Haikusema nani aliyesumbua wala nani aliyesumbuliwa. Bibi akasomewa, akauliza kama imekwisha, akaambiwa ndiyo, akageuza uso ukutani. Hakutembea tena bila kushikwa.

Kwenye nakala kulikuwa na wengine wawili walioanguka. Mama Pindo aliomba jamaa zao watafutwe na kujulishwa. Halmashauri ikajibu kwamba hilo halimo kwenye uamuzi. Basi akawatafuta mwenyewe, kwa kuulizia wakazi wa nyumba ya wazee mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mwanamke muuza viatu. Baba yake alifariki wiki mbili baada ya kuanguka, na familia iliambiwa moyo ulisimama. Alisoma nakala ya ukurasa wa baba yake akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akarudia mstari mmoja kwa midomo bila sauti. Alipomaliza akauliza ofisi ya rufaa hufungwa saa ngapi.

"Saa tisa na nusu," Mama Pindo akamwambia.

Mwanamke akaingia ndani kutafuta kitambulisho.